Fundi aliyeunda saa ya miaka elfu kumi, kisha serikali ikazifuta saa zake

UKITAZAMA simu yako sasa hivi huenda inakuonyesha 7:00, lakini nyanya akikuuliza ni saa ngapi unamjibu saa moja. Hakuna anayeshangaa. Kila mmoja wetu ana kikokotoo kichwani cha kujumlisha sita na kutoa sita, na tunakitumia bila hata kufikiri. Shida inakuja siku unapopanga na mgeni mkutane saa nne. Wewe unafika mapema baada ya chai, yeye anatokea saa kumi jioni akidhani amewahi.

Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Na kwa kuwa tunaishi karibu na ikweta, jua letu halina maringo. Linatoka na kuzama karibu wakati uleule, Januari hadi Disemba. Mchana saa 12, usiku saa 12, mambo kwisha.

Sasa hebu jiweke mahali ambapo watu pia wanahesabu kuanzia alfajiri, lakini mchana wa Juni ni mrefu ajabu na wa Disemba mfupi kama foleni ya kulipa karo. Utafanyaje? Kule Japani ya zamani walikuwa na jibu lao: acha saa zenyewe zinyumbuke. Na kulikuwa na jamaa mmoja aliyelichukulia jibu hilo kwa uzito kuliko mtu yeyote. Aliitwa Tanaka Hisashige. Jina hilo huenda hulijui, ila kuna uwezekano mkubwa kuwa nyumbani kwenu kumewahi kuwa na kitu kilichotoka katika kampuni iliyoota kwenye karakana yake. Tutafika huko.

Kwanza tuelewe saa zenyewe, maana bila hizo maisha ya huyu mzee hayana utamu.

Kabla ya mwaka wa 1873, Wajapani hawakuigawa siku katika vipande 24 vinavyolingana. Kuanzia mwanga wa kwanza wa alfajiri hadi giza la magharibi kulikuwa na vipande sita. Kuanzia giza hadi alfajiri, sita vingine. Basi. Jua likikaa sana angani, vipande vya mchana vinarefuka na vya usiku vinafupika. Katika jiji la Kyoto, mwezi wa Juni, kipande kimoja cha mchana kilizidi saa mbili na nusu za simu yako, na cha usiku hakikufika saa moja na nusu. Disemba mambo yaligeuka: cha mchana kikashuka chini ya saa mbili, cha usiku kikazipita.

Kila kipande kilikuwa na mnyama wake. Katikati ya usiku ilikuwa zamu ya Panya, katikati ya mchana zamu ya Farasi. Pia kilikuwa na namba, na hapo ndipo mgeni angechanganyikiwa kabisa. Usiku wa manane kengele ya hekalu ilipigwa mara tisa. Kipande kilichofuata, mara nane. Kisha saba. Alfajiri ilikuwa sita, halafu tano, halafu nne, na ikifika adhuhuri unarudi tena tisa. Yaani hesabu inakwenda kinyumenyume na haifiki tatu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba tisa iliheshimiwa, kwa hiyo walihesabu kwa tisatisa: 9, 18, 27, 36, 45, 54. Ukiondoa makumi, unabaki na 9, 8, 7, 6, 5, 4. Kipande cha nane cha mchana kiliangukia alasiri, wakati wa kutia kitu kidogo tumboni, na hadi leo Wajapani huita vitafunio vya alasiri oyatsu, neno linalotokana na hiyo nane.

Usiharakishe kucheka. Kwa mkulima au seremala wa zama hizo mfumo huu ulikuwa na akili kuliko wetu. Kazi ilianza kukipambazuka na kuisha giza likiingia, na mafuta ya taa yalikuwa ghali. Kilichomhusu ni sehemu gani ya mwanga imebaki. Dakika ngapi zimepita lilikuwa swali lisilo na maana kwake. Alipoambiwa imefika sita ya jioni, alijua giza limefika, iwe Juni iwe Disemba. Sisi tunasema saa moja asubuhi na huko London wakati wa baridi saa moja hiyo bado ni usiku mweusi. Nani hapo anaidanganya akili yake?

Tatizo lilikuwa mashine.

Saa ya kwanza ya mitambo inayojulikana kufika Japani ililetwa na mmisionari Francis Xavier, aliyempa mtawala mmoja wa eneo la magharibi zawadi hiyo mwaka wa 1551. Saa ya Ulaya ilijua jambo moja tu: kutembea kwa mwendo uleule mchana na usiku. Katika nchi ambako saa zinavutika kama elastiki, kifaa hicho kilikuwa pambo. Mafundi wa Kijapani wangeweza kubadilisha desturi ya watu ili ilingane na mashine. Hawakufanya hivyo. Waliigeuza mashine. Walitia mikono miwili ya kudhibiti mwendo, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, kila mmoja ukining'inia vizito vidogo. Alfajiri na magharibi saa ilibadilisha mkono yenyewe. Lakini kwa kuwa urefu wa mchana hubadilika polepole mwaka mzima, ilibidi mtu asogeze vile vizito kwa mkono kila baada ya wiki mbili hivi, mara 24 kwa mwaka. Ukisahau, saa yako inaishi msimu uliopita.

Huo ndio ulimwengu aliozaliwa Tanaka, mwaka wa 1799, katika mji wa Kurume kwenye kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Baba yake alikuwa fundi wa magamba ya kasa, yule kobe wa baharini ambaye watu wa Pwani humwita ng'amba, akichonga vitana na mapambo. Kwa lugha yetu tungesema ni familia ya jua kali: mikono, tupa, na jicho kali. Mtoto alipewa jina Giemon na akakua akitazama jinsi kitu kigumu kinavyokatwa kwa unyoya wa kosa.

Akiwa na umri wa miaka tisa hivi, wanafunzi wenzake walikuwa wakimchokoza kwa kuvichezea vifaa vyake vya kuandikia. Hakwenda kushtaki. Alitengeneza kijisanduku cha kuhifadhia wino na brashi ambacho hakuna aliyeweza kukifungua isipokuwa yeye. Siri ilikuwa kwenye kamba yake, namna ya kuizungusha. Darasa zima lilijaribu likashindwa.

Habari za kijisanduku kama hicho haziishii shuleni. Kurume kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Inoue Den, mkubwa kwa Giemon kwa miaka 11. Den alikuwa amebuni akiwa bado msichana mdogo mtindo wa kitambaa cha nili chenye madoadoa meupe, kwa kufunga nyuzi kabla ya kuzitia rangi. Kitambaa hicho kinaitwa Kurume kasuri, na kinafumwa mpaka leo. Ila Den alitaka zaidi ya madoa. Alitaka picha. Alimwendea Giemon, kijana wa miaka 15 hivi, na kijana akamtengenezea mtambo wa kufuma uliowezesha michoro kutokea kwenye kitambaa. Huwa napenda kusimama hapa kidogo, kwa sababu hadithi za wavumbuzi hupenda kumweka mtu mmoja chumbani peke yake na taa. Huyu mwenzetu kazi yake ya kwanza ya maana aliifanya kwa sababu mwanamke aliyeijua kazi yake alimletea swali zuri.

Kama mtoto wa kwanza, duka la magamba lilikuwa lake. Alimwachia mdogo wake. Yeye alitaka kutengeneza wanasesere.

Usidhani ni wanasesere wa kubebwa na watoto. Wanasesere wa karakuri walikuwa mashine zilizofichwa ndani ya nguo: magurudumu ya meno, springi, nyuzi na vibao vilivyochongwa kuongoza kila mwendo. Giemon alianza kuwaonyesha kwenye sherehe za hekalu mjini kwao, kisha akazunguka nao miji mikubwa, akalipwa, akapata umaarufu wa jina moja tu mtaani: Karakuri Giemon. Aliyependwa zaidi ni mvulana mwenye upinde. Anachukua mshale kutoka kwenye kishikio, anauweka kwenye upinde, anavuta, anaulenga, anaachilia. Mishale ni minne. Mitatu inapiga shabaha. Mmoja unakosa, na unakosa kwa makusudi, kwa kuwa Giemon aliujenga ukose. Alijua kwamba mashine isiyokosea inawachosha watu, lakini mtoto aliyekosa kidogo akajaribu tena anawafanya ukumbi mzima wapige kelele. Hiyo ni akili ya msanii wa jukwaani, bana, si ya mhandisi pekee.

Lakini wanasesere hawali, na miaka ya 1830 ilikuwa ya njaa kali Japani. Watu wenye njaa hawalipi kiingilio. Mwaka wa 1834 alihamia Osaka, jiji la wafanyabiashara, akaanza kuuza vitu vya matumizi: kinara cha mshumaa kinachokunjwa na kutiwa mfukoni, kwa mfano. Biashara ikashika. Halafu mwaka wa 1837 ofisa mmoja wa zamani, Oshio Heihachiro, aliongoza maasi kwa ajili ya wenye njaa, na sehemu kubwa ya Osaka ikateketea. Nyumba ya Tanaka ilikuwa miongoni mwa zilizoungua. Alibeba kilichobaki akaenda Fushimi, pembeni mwa Kyoto, akaanza upya kwa taa iliyotumia shinikizo la hewa kupandisha mafuta hadi kwenye utambi, ikawaka kwa muda mrefu bila kuguswa na kwa mwanga uliouzidi mshumaa mbali sana. Wenye maduka waliipenda kwani sasa wangeweza kuuza hata usiku. Ukifikiria vizuri, kabla hajaigusa saa tayari alikuwa amelegeza mipaka ya mchana.

Saa zilimjia kupitia ufundi wa kurekebisha. Watu walimletea za Ulaya zilizoharibika, zilizopenya kupitia Waholanzi wa Nagasaki, maana Japani wakati huo ilikuwa imefunga milango kwa karibu wageni wote. Alizifungua, akazisoma, akazifunga. Lakini kutengeneza saa inayofuata jua la Japani kulihitaji kitu ambacho tupa na msumeno haviwezi kukupa: kujua jua lenyewe linatembea vipi.

Kwa hiyo alirudi shule. Mwaka wa 1847, akiwa anakaribia miaka 50, mtu mwenye jina na wateja wake, alijiandikisha kuwa mwanafunzi kwa familia ya Tsuchimikado mjini Kyoto, ambayo kwa vizazi vingi ilishughulika na nyota na kalenda kwa niaba ya ikulu ya mfalme mkuu. Alisoma pia sayansi ya Ulaya kwa msomi Hirose Genkyo, aliyeijua kupitia vitabu vya Kiholanzi. Na katikati ya hayo yote aliwaundia watawa wa Kibudha mashine iliyoonyesha dunia kama maandiko yao yalivyoieleza, jua na mwezi vikizunguka mlima mkuu wa Sumeru juu ya dunia bapa. Asubuhi anajifunza kwamba dunia inalizunguka jua, mchana anachonga magurudumu ya kuonyesha kinyume chake. Mteja ni mteja. Hata hivyo naona hapo kuna jambo zaidi ya pesa: aliona kila watu wana anga lao, na kila anga linaweza kutiwa kwenye gia.

Mwaka wa 1851 alimaliza kitu alichokuwa akikiendea. Kilikuwa saa, kama neno hilo linatosha. Aliiita kengele ya miaka elfu kumi inayojilia yenyewe.

Ina urefu wa sentimita 60 hivi na uzito wa kilo 38. Ina nyuso sita, kila mmoja ukielekea upande wake. Uso mmoja unaonyesha saa za Ulaya, na ndani yake Tanaka aliweka saa halisi iliyotoka huko. Mwingine unaonyesha siku za juma. Mwingine, misimu 24 midogo ya mwaka ambayo wakulima waliitegemea. Mwingine, jina la siku katika mzunguko wa kale wa Kichina. Mwingine, tarehe za mwezi pamoja na umbo la mwezi wenyewe, kuanzia unapoandama hadi unapopevuka. Juu kabisa, chini ya kifuniko cha kioo, kuna ramani ya Japani, na jua dogo na mwezi mdogo vinapita juu yake, jua likipanda juu zaidi wakati wa joto na chini zaidi wakati wa baridi.

Lakini uso ulioifanya saa hii kuwa kilele ni ule wa sita, wa saa za Kijapani. Badala ya namba zilizochorwa mahali pamoja, kuna vibao vidogo vinavyoteleza kwenye duara. Kadiri mwaka unavyosonga, vibao vya mchana vinaachana polepole na vya usiku vinakaribiana. Baadaye vinarudi. Vyenyewe. Hakuna mtu wa kusogeza vizito mara 24. Ili kupata mwendo huo wa kwenda na kurudi kutoka kwa mashine inayozunguka upande mmoja tu, Tanaka alibuni gurudumu la ajabu lenye umbo kama la mdudu, ambalo wengine wanaozunguka nalo hulisukuma mbele kisha nyuma. Ndani kuna vipande zaidi ya elfu moja, karibu vyote vimekatwa na kupigwa tupa kwa mkono. Iliundwa ili ukiikaza springi zake mara moja iende mwaka mzima.

Kumbuka Xavier alileta saa yake mwaka wa 1551. Ilichukua miaka 300 kamili hadi mtu akaunda mashine iliyonyumbuka pamoja na jua la Japani bila kusaidiwa. Hatimaye mitambo na desturi vilipatana.

Miaka miwili baadaye, 1853, meli za kivita za Marekani zilitia nanga karibu na Edo, jiji tunaloliita Tokyo, zikidai milango ifunguliwe.

Mwaka huohuo Tanaka aliitwa na ukoo wa Saga, jirani na alikozaliwa, ambao watawala wake walikuwa wamegundua mapema kwamba bila chuma na mvuke watamezwa. Waliwahi kuona garimoshi la mfano ndani ya meli ya Warusi iliyotia nanga Nagasaki. Mnamo 1855, Tanaka na wenzake walikuwa wameunda lao, dogo la kubebwa mikononi, lenye injini ya mvuke inayofanya kazi kweli, likizunguka kwenye reli yake mbele ya mtawala. Baadaye zilifuata mizinga, na mwaka wa 1865 meli ya mvuke. Mtengenezaji wa wanasesere akawa mtengenezaji wa silaha. Miaka hiyo ilimgharimu pia: kijana aliyemrithi jina la Giemon, pamoja na mtoto wake, waliuawa na mwenzao wa kazi. Mzee aliendelea kufanya kazi. Alirudi Kurume kuufanyia kazi ukoo wa nyumbani.

Serikali ya zamani ikaanguka mwaka wa 1868. Waliochukua madaraka walikuwa na haraka. Mnamo Oktoba 1872 reli ya kwanza ilifunguliwa kati ya Shimbashi mjini Tokyo na Yokohama, na garimoshi, tofauti na seremala, halijali jua limefika wapi. Haliwezi kuondoka kwenye kipande cha Farasi wakati kipande hicho kinabadilika urefu kila baada ya wiki mbili.

Kisha mwezi wa Disemba mwaka huo likatoka tangazo. Kalenda ya mwezi imefutwa. Kalenda ya Ulaya ndiyo itakayotumika, na siku itagawanywa saa 24 zinazolingana. Watu walipewa kama wiki tatu kujipanga. Siku ya pili ya mwezi wa 12 wa kale ilipoisha, kesho yake ikawa Januari 1, 1873. Wachapishaji waliokuwa wameshachapisha kalenda za mwaka mpya walibaki na marundo ya karatasi. Na hapa kuna kichekesho cha serikali zote duniani: ujanja mwingine ulikuwa kwenye mishahara. Kwa kalenda ya kale mwaka uliokuja ungekuwa na mwezi wa 13 wa kufidia, yaani mishahara 13. Kwa mpya, ilikuwa 12. Na ile Disemba ya siku mbili? Haikulipwa.

Panya, Farasi na wenzao waliondoka kwenye saa za serikali. Mafundi waliojua kusogeza vizito na kuhesabu misimu walijikuta na ujuzi usio na mnunuzi. Saa za zamani ziliuzwa kama vyuma au mapambo. Na ile kazi kubwa kuliko zote, yenye uso wa vibao vinavyoteleza, ilikuwa na umri wa miaka 21 tu. Jina lake lilikuwa limeahidi elfu kumi.

Tanaka alikuwa na miaka 73. Mzee wa umri huo angeweza kukaa barazani akalaumu vijana na dunia yao. Alichofanya ni hiki: mwaka huohuo wa 1873 alifunga virago, akahamia Tokyo, na akaanza kuitengenezea Wizara ya Viwanda mashine za telegrafu. Mnamo 1875, akiwa na miaka 75, alifungua karakana katika eneo la Ginza. Mlangoni, inasemekana, aliweka tangazo la kuwaalika watu wamletee wazo lolote la mashine, naye ataiunda. Umri ambao wengine wanahesabu wajukuu, yeye alikuwa anaajiri.

Miongoni mwa vifaa vilivyotoka katika karakana hiyo kulikuwa na kimoja kisichozungumzwa sana, na mimi ndicho kinachonigusa kuliko garimoshi: kifaa cha kutuma ishara ya saa kupitia nyaya za telegrafu. Ofisi za mbali zilipata adhuhuri yao kwa waya kutoka kituoni, si kwa kutazama jua wala kusikiliza kengele ya hekalu. Mtu yuleyule aliyezipa saa zinazonyumbuka mwili wake mzuri kuliko wote ndiye aliyesaidia kusambaza saa zisizonyumbuka. Mikono ileile, gia zilezile, na wakati huu jua likiachwa nje.

Alifariki Novemba 1881 akiwa na miaka 82. Mwanawe wa kulea alichukua jina la Tanaka Hisashige wa pili, na mwaka uliofuata akaipeleka biashara kwenye kiwanda kikubwa katika mtaa wa Shibaura. Kiwanda kilibadilisha wamiliki na jina, na mwaka wa 1939 kikaungana na kampuni ya umeme ya Tokyo. Kutoka Tokyo na Shibaura likapatikana jina fupi ambalo pengine limewahi kukutazama kutoka kwenye televisheni ya sebuleni kwenu au kipakatalishi cha mitumba: Toshiba.

Saa yenyewe iko Tokyo, katika Jumba la Kitaifa la Makumbusho ya Maumbile na Sayansi, mtaa wa Ueno. Mwaka wa 2004 iliundwa timu ya kutengeneza nakala yake, wahandisi zaidi ya 100, wakiwa na kompyuta na mashine za kukata chuma ambazo Tanaka hangeweza hata kuziota. Waliifungua kipande kwa kipande, wakalikuta lile gurudumu lenye umbo la mdudu, wakakaa nalo muda kabla ya kuelewa linafanya nini. Nakala ilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Aichi mwaka wa 2005, vibao vya mchana na usiku vikisogea kufuata jua. Baadhi ya sehemu, zikiwemo bamba za shaba za springi, hawakufaulu kuzitengeneza sawasawa na zake kabla ya milango kufunguliwa.